Lambo letu litafika Novemba?

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa chombo cha watumia maji katika kijiji kimoja wilayani Sikonge, mkoa wa Tabora. Tuna lambo la siku nyingi. Fundi aliyelikagua alisema likijaa linashika mita za ujazo 300,000, na kidakio chake ni kilomita za mraba 18. Linatumiwa na watu kama 6,000 na ng'ombe kama 4,000. Mwaka juzi lilikauka Septemba, watu wakachota tope. Sasa nimepata kompyuta, na mtandaoni nimeona zana nyingi za bure za kutabiri mvua, mafuriko na tabianchi: GloFAS, CHIRPS, SWAT na nyingine nimesahau. Ipi itaniambia kama lambo letu litafika Novemba? Tena nina shangazi yangu anayelima mpunga kando ya Malagarasi kule Uvinza. Je, zana hiyo hiyo itamfaa na yeye?"

Marahaba, Ndugu Katibu. Nimefurahi kwamba umeniandikia na namba mkononi. Ujazo, kidakio, watu, ng'ombe: mwenye namba hizo nne ameshaanza kazi, na wengi wanaoniuliza swali kama lako huwa wana majina ya programu tu.

Nitangulize jibu. Katika zana ulizozitaja hakuna hata moja inayolijua lambo lenu. Lakini utabiri unaoutaka unaweza kuufanya mwenyewe kila mwaka, mvua zikishaisha katikati ya Aprili, kwa jedwali la Excel la safu chache. Nao utakuwa wa kuaminika kuliko utabiri wowote wa mvua utakaousoma mwaka huo. Zana za mtandaoni kazi yake itakuwa kukujazia jedwali hilo. Kwa shangazi yako mambo ni tofauti: GloFAS inaweza kumsaidia moja kwa moja.

Tofauti inatokana na ukubwa wa kidakio, yaani eneo lote ambalo mvua ikinyesha maji yake huteremkia kwenu. GloFAS ni mfumo wa dunia nzima wa kutabiri mafuriko, chini ya mpango wa Copernicus wa Umoja wa Ulaya. Umeikata dunia katika vijisanduku vya upande wa kilomita tano na nusu hivi. CHIRPS, hazina ya mvua inayotunzwa na Chuo Kikuu cha California kilichopo Santa Barbara, nayo ina vijisanduku vya ukubwa huo huo. Kijisanduku kimoja ni kama kilomita za mraba 30. Kidakio chenu chote ni 18. Kwa hiyo lambo, mashamba, misitu ya miombo na kijito chenu vyote vimo ndani ya nukta moja, pamoja na sehemu ya kijiji jirani. Zana inajua kwa makadirio mvua iliyonyesha kwenye nukta hiyo. Haijui kama maji yalifika lamboni au yalizama kwenye mchanga njiani.

Malagarasi ukiweka pamoja na Ugalla unakusanya maji ya zaidi ya kilomita za mraba 100,000. Hapo kuna maelfu ya vijisanduku, na makosa ya hiki hufidiwa na makosa ya kile. Kwa hiyo kabla hujaiamini zana yoyote ya maji, gawa kidakio chako kwa ukubwa wa kijisanduku chake. Ukipata mamia, endelea. Ukipata chini ya moja kama wewe, chukua mvua tu, uachane na habari za mtiririko wa mto.

Nilijifunza hilo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilikiambia kikundi kimoja cha wakulima kwamba mto wao mdogo ungefurika ndani ya wiki moja. Wakahamisha miche. Mafuriko hayakuja, kwa sababu kijisanduku nilichokibofya kilikuwa cha mto mkubwa wa jirani. Miche ile haikushika vizuri kule ilikohamishiwa. Tangu siku hiyo, kabla sijasoma namba yoyote, huangalia kwanza eneo la kidakio ambalo zana imeliandikia nukta ile, nalilinganisha na ramani.

Sasa tulihesabu lambo lenu. Tabora mnapata msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili. Kuanzia Juni hadi Agosti hamtegemei hata tone. Watu huliona jambo hilo kama shida tupu, lakini kwa anayetabiri ni neema: kiangazi hakina cha kubahatisha. Maji mliyonayo Aprili 15 ndiyo mtakayoishi nayo mpaka mwisho wa Oktoba, siku kama 200. Kinachobaki ni kujua yatatoka kwa njia zipi.

Watu 6,000 kwa lita 25 kila mmoja ni mita za ujazo 150 kwa siku. Ng'ombe 4,000 kwa lita 30 ni 120. Jumla 270 kwa siku, na kwa siku 200 ni mita za ujazo 54,000. Halafu jua. Hukunitajia upana wa maji, kwa hiyo nachukulia kwamba wastani wa uso wa maji wakati wa kiangazi ni hekta 9, yaani mita za mraba 90,000. Kiangazi cha Tabora, upepo ukiwa mkavu vile, uso wa maji hupoteza kama milimita 6 kwa siku kwa wastani, pungufu kidogo Juni na zaidi Septemba na Oktoba. Siku 200 ni mita 1.2. Zidisha kwa 90,000, unapata mita za ujazo 108,000.

Jua linakunywa mara mbili ya watu na ng'ombe wakiwekwa pamoja.

Naomba hesabu hii uipeleke kwenye mkutano wa kijiji, kwa sababu najua lambo likikauka maneno hugeuka haraka kuwa ya wakulima na wafugaji. Ng'ombe wote 4,000 mkiwafukuza lamboni kiangazi kizima mnaokoa mita za ujazo 24,000. Mkilichimba lambo likawa la kina zaidi, maji yale yale yakakaa kwenye hekta 6 badala ya 9, mnaokoa 36,000. Kina kinaokoa maji mengi kuliko kuwafukuza ng'ombe wote, na hakimgombanishi mtu na jirani yake. Ng'ombe wanadhuru kwa njia nyingine, kwa kukanyaga tuta na kuchafua, na dawa yake ni birika la kunyweshea lililojengwa chini ya tuta.

Jumla ya matumizi yote sasa ni 162,000, sawa na 810 kwa siku. Tuseme Aprili 15 mna 240,000. Oktoba ikiisha mtakuwa na 78,000, mmevuka. Tuseme mna 180,000, na 40,000 za mwisho ni tope lisilochoteka. Mnayoweza kutumia ni 140,000. Gawa kwa 810: siku 173. Yataisha karibu na Oktoba 5. Kwa kweli yatasogea mbele kidogo, maana maji yakipungua uso nao unapungua na jua linapata pa kunywa padogo. Lakini mwezi Aprili, miezi mitano na nusu kabla ya shida, tayari mnajua kwamba Oktoba mnahitaji kisima au boza, na ombi kwa wilaya mnaliandika na namba ndani yake.

Kwa hiyo kinachohitajika ni kujua kila siku mna maji kiasi gani. Kwanza simika ubao wa kupimia kina, wenye alama za sentimita, mahali penye kina kirefu na pasipofikiwa na ng'ombe. Mtu mmoja ausome kila siku saa moja asubuhi na kuandika kwenye daftari. Ubao huo ni wa thamani kuliko setilaiti yoyote.

Setilaiti inaingia kwenye swali la pili: kina kile ni mita za ujazo ngapi? Mchoro wa zamani usiutegemee. Lambo la siku nyingi limejaa mchanga na udongo, hasa kama miti ya kidakio imekatwa kwa ajili ya mabani ya tumbaku. Tumia Sentinel-2, setilaiti za Ulaya ambazo picha zake ni bure kwenye Copernicus Browser. Unafungua akaunti kwa barua pepe, basi. Kila nukta ya picha ni mita 10 kwa mita 10, na picha mpya huja kila siku tano hivi. Kiangazi anga lenu ni jeupe, hivyo utapata picha safi nyingi. Chagua mwonekano ulioandikwa NDWI, unaotenganisha maji na nchi kavu, kisha zungushia maji kwa kipimo cha eneo kilichopo pale pale. Andika eneo hilo kando ya kina cha ubao cha siku hiyo hiyo.

Rudia kila wiki mbili kiangazi kizima. Kina kikishuka nusu mita na eneo likatoka hekta 10 hadi 8, wastani ni hekta 9, na maji yaliyoondoka ni 90,000 mara 0.5, yaani mita za ujazo 45,000. Ukijumlisha vipande hivyo kuanzia chini kwenda juu, umepata jedwali la kina na ujazo la lambo lenu kama lilivyo leo, na mchanga wake. Wahandisi hulipwa fedha nyingi kwa kazi hiyo. Wewe utatumia bando na subira.

Ukitaka kujua lambo lilikuwaje kabla hujazaliwa, kuna Global Surface Water, ramani ya Kituo cha Utafiti cha Tume ya Ulaya iliyotengenezwa kwa picha za Landsat, setilaiti za Marekani, kuanzia 1984. Inaonyesha kila mahali duniani palipokuwa na maji, ya kudumu au ya msimu. Nukta zake ni mita 30, kwa hiyo kingo za lambo dogo zitakuwa na meno, lakini mwaka uliokauka utauona.

Hiyo milimita 6 ya jua nayo usiibebe kwa imani. Kuna NASA POWER, hazina ya bure ya shirika la anga la Marekani, inayotoa joto, unyevu na upepo vya kila siku tangu 1981, na mwanga wa jua tangu 1984, kwa mahali popote unapobofya. Data hizo unaziingiza kwenye CROPWAT, programu ya bure ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ikakupa mvukizo rejea wa kila mwezi, yaani kipimo cha msingi cha maji ambayo jua na upepo hunyonya. Zidisha kwa 1.05, ndicho kigezo cha FAO kwa maji ya wazi yasiyo na kina kirefu. Halafu jipime. Chukua siku kumi zisizo na mvua. Jua linatakiwa kushusha sentimita 6. Matumizi ya 270 kwa siku ni 2,700 kwa siku kumi, na ukigawa kwa uso wa mita za mraba 90,000 unapata sentimita 3. Jumla 9. Ubao ukisema 9, hesabu zako ni nzima. Ubao ukisema 12, sentimita 3 zimepita chini ya tuta au kwenye sakafu, na kabla ya kununua pampu mpya muite mhandisi atazame tuta.

Upande wa masika ni mgumu zaidi, na hapa watu wengi hupotea, kwa sababu wanadhani mvua ikipungua robo, maji ya lambo nayo yanapungua robo. Kidakio cha kilomita za mraba 18 kikipata milimita 850, kimepokea mita za ujazo milioni 15.3. Lakini miombo juu ya mchanga hunywa karibu yote. Tuseme asilimia 4 ndiyo inayotiririka: 612,000, lambo linajaa na kumwaga. Mwaka wa milimita 600 udongo hauloi vizuri, asilimia nayo inashuka, tuseme hadi 2. Unapata 216,000, na lambo halijai. Mvua imepungua chini ya theluthi, maji yamepungua karibu theluthi mbili. Ndiyo maana mtu anaweza kuvuna mahindi kiasi na lambo lisijae mwaka huo huo.

Asilimia ya kwenu utaipata kwa ubao ule ule na kipimamvua cha plastiki. Mfano: jana usiku milimita 42, asubuhi maji yamepanda sentimita 15 kwenye uso wa hekta 9. Hizo ni mita za ujazo 13,500. Ukizitandaza juu ya kidakio chote ni milimita 0.75. Katika 42, ni chini ya asilimia mbili. Andika matukio kama hayo ishirini, ya Desemba na ya Machi, na utaona yenyewe jinsi mvua za kwanza zinavyopotea ardhini na za mwisho zinavyojaza.

Uwe makini na saa. Kipimamvua husomwa saa 3 asubuhi, kwa hiyo mvua ya usiku wa Jumatatu unaiandika Jumanne. Siku ya setilaiti kwa kawaida inaanza saa 9 usiku kwa saa zetu. Ukilinganisha daftari lako na CHIRPS siku kwa siku utadhani zana imechanganyikiwa, kumbe ni kalenda mbili. Linganisha kwa siku tano tano au kumi kumi. Ujue pia kwamba CHIRPS hukadiria mvua kutokana na ubaridi wa vilele vya mawingu, ikachanganya na vituo vya ardhini vinavyopatikana. Mvua kubwa ya sehemu moja huisambaza ikawa ndogo ya eneo zima. Ukiona kwa msimu mzima inakupa pungufu ya daftari lako kwa kiwango kile kile, iongezee kiwango hicho na uendelee.

Thamani ya CHIRPS kwako ni urefu wake: misimu zaidi ya 40, tangu 1981. Unaweza kuipakua kama jedwali dogo kupitia Climate Engine, kwa kuweka nukta yako kwenye ramani. Ukishakuwa na asilimia zako, fanya hivi Novemba inapoanza: anza na kina cha lambo cha siku hiyo, halafu lipitishie mvua za msimu wa 1981/82, uone Aprili mngekuwa na ngapi. Rudi Novemba ile ile, pitisha msimu wa 1982/83. Endelea hadi mwisho. Utapata majibu zaidi ya 40. Yakiwa 40, na 29 kati yake yakavuka mita za ujazo 240,000, unaweza kuuambia mkutano kwamba kwa kina cha leo, misimu 29 kati ya 40 ingetufikisha Novemba ijayo. Wahaidrolojia wa Marekani walianza kutumia njia hii miaka ya 1970 kwa mito na mabwawa makubwa, na haijapitwa na wakati.

Utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, unaingia hapo. Wakitangaza kwamba Tabora na Kigoma mtapata mvua za wastani hadi chini ya wastani, hawajasema mtapata milimita ngapi. Wamesema mizani imeegemea upande huo. Kwa hiyo katika misimu yako 40, ipe ile mikavu uzito zaidi, lakini ile yenye mvua usiifute. ICPAC, kituo cha tabianchi cha kanda kilichopo Nairobi, nacho hutoa ramani za kanda nzima, zinazofaa kwa kulinganisha. Tahadhari ya mvua kubwa au upepo waachie TMA waitoe. Wewe tangaza kina cha lambo, hicho ni chako.

SWAT nitaipitia haraka. Ni programu huria nzuri sana ya kuiga mwendo wa maji katika kidakio, imetoka Marekani, na nimeitumia. Inataka ramani ya udongo, ya matumizi ya ardhi, mwinuko, hali ya hewa ya kila siku, halafu vipimo vya mto vya miaka kadhaa vya kuirekebisha ilingane na hali halisi. Bila hivyo vya mwisho itakupa grafu za kupendeza zisizo na ushahidi. Ije baadaye, siku wilaya ikitaka kuliinua tuta, pamoja na HEC-HMS ya kukadiria mafuriko makubwa. QGIS jifunze mapema. Ni programu ya ramani ya bure, na kwa data ya mwinuko ya mita 30 itakuchorea mpaka wa kidakio. Hakikisha kama kweli ni kilomita za mraba 18, kwa sababu hesabu zote hapo juu zimesimama juu ya namba hiyo.

Umegusa pia tabianchi. Ripoti ya 2021 ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, ina atlasi ya mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua, na utaona modeli zinavyokubaliana kwamba joto litaendelea kupanda. Kuhusu jumla ya mvua ya mwaka kwa magharibi mwa Tanzania, usichukue namba moja kutoka kule ukaibandika Sikonge, maana kijisanduku kimoja cha modeli hizo kinaweza kuumeza upande mmoja wa mkoa. Chukua mambo mawili: joto zaidi ni kiu zaidi ya jua, na mvua kubwa za mara moja zinatarajiwa kuwa kali zaidi Afrika Mashariki. La kwanza linadai kina. La pili linadai njia ya maji ya ziada iwe pana kuliko ilivyo, kwa sababu tuta likipitiwa juu na maji hubomoka usiku mmoja.

Hapa Kigoma ninapoishi tumeliona jua na mvua vikishindana kwa kipimo kikubwa zaidi. Ziwa Tanganyika nalo sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa mvuke, na mto Lukuga, mlango wake pekee, hubeba sehemu ndogo tu kuelekea Kongo. Zikija mvua nyingi miaka mfululizo, ziwa hupanda na kukaa juu muda mrefu, kama tulivyoona kuanzia 2020 maji yalipoingia kwenye nyumba za pwani. Kina chake kinapimwa kwa setilaiti na kuonyeshwa bure kwenye mifumo kama DAHITI ya Ujerumani na Hydroweb ya Ufaransa. Kwa wavuvi na wenye viwanja ufukweni grafu hizo zinasomeka bila hesabu yoyote.

Nimalizie na shangazi. Yeye ajisajili GloFAS, ni bure, au wewe umfungulie. Atafute nukta kwenye Malagarasi yenyewe karibu na Uvinza, na athibitishe kidakio kilichoandikwa ni cha makumi ya maelfu ya kilomita za mraba. Ataona mistari 51 ya siku 30 zijazo. Kila mstari ni hesabu moja iliyoanza na hali ya hewa iliyobadilishwa kidogo sana. Mistari ikienda pamoja, mfumo una uhakika. Ikitawanyika baada ya siku ya kumi, ya kumi na moja na kuendelea aichukue kama fununu. Rangi ya njano maana yake mtiririko unaopatikana kwa wastani mara moja katika miaka 2, nyekundu miaka 5, zambarau miaka 20.

Mita za ujazo kwa sekunde zilizoandikwa pale asizitilie maanani sana. Juu ya Uvinza kuna ardhioevu kubwa ya Malagarasi na Moyovosi, mabwawa na mafunjo yanayopokea maji ya mafuriko na kuyaachia polepole kwa wiki nyingi. Modeli za dunia hupata tabu kuiga tabia hiyo, na mara nyingi huweza kuliwahisha gharika kabla ya wakati wake. Shangazi afanye kitu kimoja: achore alama tatu za rangi kwenye mti au nguzo kando ya majaruba yake. Ya chini pale maji yanapoanza kuingia, ya kati pale mpunga unapozama, ya juu pale alipolazimika kuhama mwaka mbaya anaoukumbuka. Kila maji yakifika alama, aandike tarehe, na wewe uandike GloFAS ilikuwa inasema nini siku hiyo, na wiki mbili kabla yake. Baada ya misimu miwili mtajua njano ya GloFAS ni alama ipi ya shangazi, na inatangulia au kuchelewa kwa siku ngapi. GEOGLOWS, mfumo mwingine wa dunia wa mito, unaotoa utabiri wa siku 15 na historia ya mito tangu 1940, itazameni sambamba. Zote mbili zikisema jambo moja, ahamishe gunia. Zikipingana, asubiri simu.

Namaanisha simu ya kweli. Daraja la Kikwete liko juu ya mto kabla ya kufika Uvinza. Atafute mtu anayeishi pale, wa kumtumia neno kila maji yanapoongezeka nguzoni. Wahesabu pamoja siku zinazopita kati ya daraja na jaruba lake. Na kama kijito chenu kinaelekea Ugalla, basi siku lambo lenu linapoanza kumwaga, mpigie na wewe. Lambo moja halifurikishi Malagarasi, lakini likimwaga lenu, mengi ya Sikonge na Uyui huwa yanamwaga pia, na maji hayo yako njiani kwenda kwake.